Kabichi Hazipandi Mlima

Ukitaka kujua mwenye pikapu wa Lushoto anaogopa nini, angalia anatoa pesa wakati gani. Injini ikikohoa, fundi anapigiwa simu usiku huohuo. Moshi ukibadilika rangi, kikao cha familia kinaitishwa na shemeji wa Tanga anaombwa ushauri. Breki zikianza kulia, redio inaongezwa sauti. Nimejaribu kuutafutia utaratibu huu utetezi, maana watu wa Usambara si wajinga wa hesabu, na nimeambulia mmoja tu: injini ndiyo inayolalamika wakati wa kupanda, na kupanda ndiko kunakoonekana kuwa kazi. Hoja yangu ni kwamba hapo ndipo tunapokosea. Pikapu iliyokula kilomita nyingi, inayovuta tela katika milima hii, tunaitunza kwa ajili ya kupanda, halafu tunaipakia kwa ajili ya kushuka.

Jiografia yenyewe inatosha kuwa shahidi. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33, na katika umbali huo barabara inapanda karibu mita 1,000, ikipitia Soni kwa kona ambazo abiria mgeni huanza kuzihesabu na kisha huacha. Sasa jiulize mzigo unaelekea wapi. Kabichi, karoti, viazi, hoho, plamsi na peasi vinaota juu. Walaji wako Tanga na Dar es Salaam, chini kabisa, ufukweni. Hakuna siku kabichi zilipanda mlima. Wajerumani, waliouita mji huu Wilhelmstal, walilielewa jambo hili mapema. Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na walipotaka mitarakwa ya misitu ya Shume, walitundika waya wa kuteremshia magogo hadi kituo cha Mkumbara. Uhandisi wote ule, nguzo na kamba za chuma juu ya makorongo, ulikuwa wa kushusha. Baada ya zaidi ya karne, kazi hiyohiyo tumeikabidhi pikapu ya mtumba, na uhandisi wetu ni jiwe analoshika utingo mkononi.

Atatokea mtu aseme: na saruji je? Mbolea? Mabati? Soda za harusi? Hizo si zinapanda? Zinapanda, ndiyo, na nyingi hupanda kwa Fuso. Hata hivyo angalia tofauti ya namna gari linavyoharibika. Hitilafu za kupanda zina adabu. Maji yakichemka kwenye rejeta, mvuke unatoka, gari linapungua nguvu, linasimama lenyewe kando ya barabara, dereva anashuka na kuanza kutafuta kijito. Klachi ikiungua inanuka kwanza, kisha gari linagoma kwenda. Kila kitu kinachoharibika wakati wa kupanda kinaishia kulisimamisha gari. Kinachoharibika wakati wa kushuka kinaishia kukataa kulisimamisha. Kati ya aina hizo mbili za hasara, sisi tumechagua kuikatia bima ile yenye adabu.

Tuweke tarakimu kidogo. Chukua pikapu, mzigo wake na tela lake, jumla tani nne. Kuziteremsha tani nne mita 1,000 kunaachia nishati inayozidi kidogo ile iliyomo ndani ya lita moja ya dizeli. Ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, lita moja tu. Lakini nishati hiyo ikigeuzwa joto inachemsha zaidi ya lita 100 za maji yaliyotekwa asubuhi ya baridi ya Lushoto, yaani chai ya harusi nzima pamoja na wapishi na wale ambao hawakualikwa. Upepo unachukua sehemu yake, matairi yanachukua, na injini inachukua kama dereva ameiacha kwenye gia. Chai iliyobaki inachemshiwa ndani ya vyuma vya breki, sentimita chache kutoka kwenye mpira wa mafuta ya breki.

Na mafuta hayo ndiyo kitu kinachosahauliwa kuliko vyote. Yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani, na ukungu wa Magamba si haba. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishakunywa maji, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na dereva anakanyaga pedali inayokwenda mpaka sakafuni bila kukutana na upinzani wowote. Dakika kumi baadaye, vyuma vikipoa, breki inarudi, na fundi akiijaribu uwanjani anaapa kwamba haina tatizo. Yuko sahihi: uwanja wake ni tambarare. Ushauri wa kawaida ni kuyabadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili. Uliza katika gereji yoyote ya wilaya ni wangapi hufuata. Utaonyeshwa watu wanaoongeza juu ya yale ya zamani, tena kwa fahari, kana kwamba gari lao linakula kidogo.

Hapa naingiza jambo la lumbesa, maana haliepukiki. Mwenye pikapu atakuambia anabeba magunia kumi, na gunia ni kilo mia, kwa hiyo tani moja, kwa hiyo hajazidisha. Hesabu safi. Ila gunia lenyewe limeshonewa kilemba cha viazi juu ya mdomo, na Wakala wa Vipimo wamelipigia kelele lumbesa miaka nenda rudi kwa sababu ya mkulima anayepunjwa. Hakuna anayeisemea pikapu, ambayo nayo inapunjwa kwa mzani uleule. Ili kuficha aibu ya gari lililokalia matairi ya nyuma, springi zinaongezwa vyuma viwili vitatu, na mkia unainuka vizuri. Balaa lake liko hapa: pikapu nyingi za aina ya Hilux zina valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Gari likilala, valvu inajua limebeba, inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Gari likiinuka, inajua ni tupu, inapunguza. Ukiongeza springi bila kuirekebisha valvu, umelifundisha gari lako kudanganya: limebeba tani na nusu za viazi na linaziambia breki zake kwamba linarudi kutoka sokoni.

Kuna watetezi wa Hilux, na hoja yao inastahili heshima kwa sababu imeonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha Uingereza kiliichukua Hilux kuukuu, kikaiacha baharini ikafunikwa na maji, kikaichoma moto, kikaiweka juu ya jengo refu lililobomolewa, na baada ya yote ikawaka. Tangu hapo, mwenye Hilux akiambiwa habari za matengenezo huonyesha huruma. Ninachoomba ni tusome swali la jaribio lile kabla ya kushangilia jibu. Walitaka kujua kama gari litawaka. Hakuna aliyelifunga tela la karoti na kuuliza kama litasimama kabla ya kona ya Soni. Gari lisilokufa ni sifa kubwa, na linapoteremka bila breki ni sifa inayomtia mtu wasiwasi.

Tena injini hiyo isiyokufa ina siri yake. Katika dizeli kongwe za Hilux, zile za 2L, 3L na 5L, pampu ya vakyumu inayorahisisha breki imefungwa nyuma ya alteneta. Alteneta inazungushwa na mkanda. Kwa hiyo mkanda unaoonekana kuwa wa kuchajia betri, na ambao mtu anauahirisha kwa sababu siku hizi anasafiri mchana na hahitaji taa, ndio ulioshika mguu wa dereva. Ukikatika mteremkoni, pedali inabaki na pumzi ya kukanyaga mara chache, kisha inakuwa ngumu kama jiwe la utingo. Mkanda ni wa bei ndogo kuliko gunia la viazi, lumbesa au bila lumbesa. Kuna mkanda mwingine ndani, wa taimingi, ambao kwa injini hizi kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Shida ni kwamba kwenye pikapu nyingi kebo ya kilomita imekatika zamani, na dashibodi imeganda kwenye tarakimu ambayo mwenye gari ameshaizoea na anaitaja kwa wanunuzi bila kupepesa macho. Kwa gari la namna hiyo kitabu cha sevisi hakina maana. Hesabu kwa misimu: pedi za breki, mikanda na mafuta vikaguliwe kabla ya mavuno, wakati gari lingali halina deni la safari.

Hoja nzito kuliko zote inatoka kwa madereva wenyewe. Wanasema breki ni za wasioijua kazi, anayeujua mlima anashuka kwa gia. Hapa sina ubishi, na natamani wangefanya wanachosema. Kwanza, dizeli hizi za zamani, zisizo na breki ya egzosi, hazishikilii gari kwa nguvu ambayo watu huidhania, na tani nne zinazitaka zote. Pili, na hili ndilo lenyewe, dereva huyohuyo anayesifu gia ukimpa kipande kirefu kilichonyooka anapiga frii. Sababu haihitaji uchunguzi. Analipa hesabu kwa tajiri, na mafuta yanayobaki kwenye tanki ni yake. Ningemwelewa kama frii ingekuwa inaokoa kitu. Gari likiteremka kwenye gia bila kukanyagiwa mafuta, pampu inafunga dizeli na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Likiwa frii, injini inahitaji dizeli ili isizime. Kwa maneno mengine, anaziunguza breki za tajiri ili apoteze mafuta yake mwenyewe, na pande zote mbili zinaona zimefanya biashara. Wako wanaokwenda mbali zaidi wakazima injini kabisa. Kwao vakyumu imeondoka, na ufunguo ukirudishwa vibaya usukani unaweza kujifunga. Hao wanamtegemea Mungu, jambo jema, ingawa aliyeacha ngamia wake bila kumfunga aliambiwa amfunge kwanza, na ngamia hata tela havuti.

Nimelichelewesha tela makusudi, kwa sababu wote hulichelewesha. Tela la huku ni mtoto wa kuokota. Ekseli yake ilikuwa ya gari lililokufa, bodi imechomelewa gereji, matairi yamestaafu kutoka kwenye gari la mtu mwingine. Pikapu ina mwenyewe, mzigo una mwenyewe, tela hukodishwa, na kitu cha kukodi hakipakwi grisi na yeyote. Ulaya tela linalozidi kilo 750 hutakiwa kuwa na breki zake. Letu linazidi na breki zake ni za gari la mbele, zile ambazo tumeshaona hali yake. Beringi zake zimevuka matope ya masika yote na maji yameingia. Tairi zake zinaonekana nzima kwa kuwa hazijatembea sana, lakini raba huzeeka hata ikiwa imekaa; tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni zinaeleza wiki na mwaka wa kutengenezwa, na ukikuta 2309 ujue tairi hilo ni la wiki ya 23 ya mwaka 2009, lingekuwa mtoto lingekuwa limeshamaliza shule ya msingi. Pini ya kuungia tela imefungwa kwa waya. Cheni ya usalama ilitumika kufungia mlango wa ghala. Kwenye kona, dereva akikanyaga ghafla, tela lililo zito kuliko linavyopaswa husukuma mkia wa pikapu pembeni, na wako waliowahi kuona tela lao wenyewe likiwapita kwa upande wa kulia, bila kupiga honi.

Gharama za kuzuia haya yote ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ndiyo sababu siamini kwamba tatizo ni umaskini. Chupa ya mafuta ya breki, kopo la grisi, mkanda, pini ya kweli, cheni irudi kutoka ghalani. Injini moja iliyofunguliwa na kufungwa inayameza yote hayo mara nyingi, na injini tunaifungua. Tatizo ni la masikio. Tajiri yuko mjini Lushoto, asubuhi analisikia gari likiwashwa, jioni analisikia likirudi tupu likipanda, na kila anachokisikia kinatoka kwenye injini. Safari ya kushuka na mzigo hajawahi kuisikia hata siku moja. Kama kungekuwa na ukaguzi mmoja tu wa kuwekwa kwa nguvu ya sheria, na mji huu una chuo kizima cha kufundisha mahakimu, basi ningependekeza kwamba mara moja kila msimu mwenye pikapu akae kiti cha mbele, gari likiwa limejaa na tela likiwa nyuma, kutoka soko la Lukozi mpaka Mombo. Nimesikia pingamizi moja tu la maana dhidi ya pendekezo hili, nalo linatoka kwa matajiri wenyewe: kiti cha mbele kimeshauzwa kwa abiria wawili.