Mgongo Umetulia, Kichwa Kimeenda Wapi?

Jirani, wewe umewahi kumeza dawa ya mgongo ikapanda kichwani? Basi kaa hapo, agiza chai, utalipa wewe. Mimi sikumbuki pesa niliweka mfuko gani.

Unajua hizi teremko zetu za Sironga. Kikapu cha majani chai mgongoni, matope chini, mvua juu. Mgongo ukachoka. Maumivu yakatoka kiunoni, yakashuka paja, yakafika kidole gumba cha mguu, yakatulia huko kama mpangaji asiyelipa kodi. Daktari akasema ni neva. Nikatikisa kichwa vizuri sana. Neva mimi naijulia wapi?

Akaniandikia amitriptilini. Kidonge kidogo, miligramu 25, usiku tu. Kijana wangu wa Fomu Foo akaitafuta kwa simu, akasoma kwa sauti, hata hakuulizwa. Eti ni dawa ya watu wenye huzuni, iliruhusiwa Marekani mwaka 1961. Mke wangu akaweka mwiko chini. "Huzuni? Baba watoto, huzuni ya nini? Kwani kwa hii nyumba hupikiwi?" Nikajitetea mpaka obokima, ugali wetu, ikapoa. Kumbe wa huzuni wanapewa kipimo kikubwa, na hiki kidogo ni cha kunyamazisha neva zinazopiga kelele bure. Nani alinisikiza? Na ningepewa ile nyingine, gabapentini, ingekuwa mbaya zaidi. Hiyo ilianza na wagonjwa wa kifafa. Mama watoto angeita wazee wa ukoo.

Sasa, mgongo ulitulia, sikatai. Lakini kichwa, wueh! Nasimama kwa M-Pesa, laini ndefu nyuma yangu, namba ya siri imehama. Naweka mwaka niliozaliwa. Wapi. Naweka mwaka wa harusi. Wapi. Binti wa duka ananiangalia kwa huruma, ile huruma ya kuangalia ng'ombe mzee. Naenda kupima majani, karani anauliza namba yangu ya mkulima, namtajia ya simu. Watu wanacheka, hata wale wananidai. Nyumbani naita mbuzi "wewe kitu". Mbuzi anakuja. Mke pia anakuja, na ndiyo mwanzo wa kesi.

Mdomo nao umekauka, choo kimegoma. Nikadhani nimerogwa sehemu tatu tofauti. Daktari akasema mchawi ni mmoja. Kuna kemikali ya mwili inaitwa asetilikolini. Inaleta mate, inasukuma tumbo, inasaidia ubongo kukumbuka. Hii dawa inaizibia njia, basi kila mahali panakauka, mpaka akilini.

Omogaka mmoja hapa kijijini alinisikiliza, akacheka mpaka akashika fimbo. Akanikumbusha zamani. Mgusii akipigwa rungu la kichwa na maumivu yakakataa kuisha, aliitiwa omobari. Fundi huyo alipasua ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu, na ganzi ya hospitali haikuwepo. Hayo si porojo, hata madaktari wa kizungu walikuja wakayaandika. "Wale walifunguliwa kichwa wakaenda nyumbani na akili zao," mzee akasema. "Wewe umemeza kitu kama punje ya mtama, umepoteza zote?" Nikatafuta jibu. Halikuwepo.

Nikaamua naacha dawa siku hiyo hiyo. Daktari akaruka. Eti ukikata ghafla usingizi unakimbia, kichefuchefu kinakuja, mwili unakosa raha. Inapunguzwa pole pole, na yeye akijua. Kisha akaniuliza nameza nini kingine. Nikataja zile tembe za mafua zinazoleta usingizi. Akaandika. Nikataja kaglasi ka busaa, kadogo tu, ka kusindikiza. Akaweka kalamu chini. Kumbe nilikuwa nazidisha usingizi juu ya usingizi, halafu asubuhi napanda pikipiki na kushangaa mtaro unanifuata.

Basi sheria zikatoka. Kipimo kishuke hadi miligramu 10. Nimeze mapema jioni, si saa ya kulala, ili asubuhi niamke mtu. Busaa hapana. Pikipiki hapana, mpaka kichwa kirudi. Alamu ya simu ilie saa ya dawa. Na daftari: kila nikisahau kitu, kiandikwe, na saa ya kidonge iandikwe kando.

Hapo kwa daftari ndipo niliuzwa. Ningekumbukaje kuandika nilichosahau? Mke akajitolea. Akaandika kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Tukarudi kliniki, akafungua, akasoma. Amesahau namba ya siri. Amesahau jina la mbuzi. Daktari anaitikia, ndiyo, hiyo ni dawa. Amesahau kulipa deni la mbolea. Amesahau mabati aliyomwahidi mama mkwe. Amesahau harusi ya dada yangu, akaenda kuangalia mpira.

Daktari akauliza, "Haya ya mwisho yalianza lini?"

"Kabla ya dawa, daktari. Tangu tuoane."

Akachora mstari katikati ya ukurasa. Juu akaandika "dawa". Chini akaandika "mgonjwa". Siku hizi kipimo kidogo kimenikubali, namba ya siri imerudi, mbuzi ana jina. Upande wa juu umebaki karibu mtupu. Wa chini unajaa kila wiki, na nimeambiwa hauna kidonge. Mabati ni Jumamosi. Jirani, unaweza kunikopesha?