Nani Anayenyonya Betri ya Celica?

Mau Narok iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na kuna asubuhi majani ya viazi huamka yamepigwa na jalidi. Watu wenye akili huku hununua pikapu, trekta au kondoo. Mimi nilinunua Toyota Celica ya mwaka 1990, nyekundu, milango miwili, tumbo chini kiasi kwamba tuta la mbele ya shule hulisalimu kila linapopita.

Aliyekulia Bonde la Ufa miaka ya tisini hatanilaumu. Kuanzia 1992 hadi 1995 Celica ilishinda Safari Rally mfululizo: Carlos Sainz, Juha Kankkunen, Mkenya wetu Ian Duncan mwaka 1994, kisha Mjapani Yoshio Fujimoto. Mwaka 1993 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza na kuwaachia wengine vumbi. Gari lililoyashinda mawe, matope na swala wa Safari lingeshindwa na nini hapa kwetu?

Lilishindwa na kusimama. Ukiliendesha halina neno. Ukiliegesha Jumapili jioni, kufikia katikati ya wiki halina hata nguvu ya kukohoa. Ubaya ni kwamba taa za mbele za Celica hii hulala ndani ya boneti na kuchomoza ukiziwasha. Betri ikilegea, ya kulia huchomoza yote, ya kushoto hufika nusu ikakwama. Umechelewa kipindi cha kwanza, vidole vimekufa ganzi, na gari limesimama hapo linakukonyeza.

Bahati nzuri Mau Narok haina uhaba wa mteremko wala wa wasukumaji. Ubaya wa wasukumaji ni kwamba kila mmoja huja na maoni yake, na huyatoa wakati tayari umeingiza gia ya pili na huwezi kukimbia. Wa kwanza alisema ni baridi. Hakukosea sana: betri hizi za risasi na asidi, zikifika nyuzi sifuri, hubaki na takriban nne kwa tano ya uwezo wake, na oili nayo huwa nzito. Lakini baridi haiibi umeme, hufichua tu kwamba umeibwa. Tena magari yote ya mtaa hulala kwenye baridi hiyohiyo, na asubuhi yanawaka.

Wa pili, mzee jirani yangu anayefuga kondoo, alisisitiza kwamba nimekuwa nikiiweka betri juu ya simiti ninapoichaji. "Simiti inakunywa moto, mwalimu. Weka mbao." Imani hii ina babu yake. Zamani maboksi ya betri yalikuwa ya mbao au mpira uliopitisha unyevu, na chaji ilivuja kweli. Ya leo ni plastiki, unaweza kuiweka hata juu ya mnara wa kanisa. Niliweka mbao hata hivyo, kwa sababu mzee hukaa karibu na dirisha langu.

Muuza betri mjini Nakuru aliitazama ile ya zamani kwa macho tu, akatamka kwamba imezeeka, akaniuzia N50 mpya. Mpya ikafa kifo kilekile.

Ndipo akaja fundi wa waya kutoka Njoro, kijana wa maneno machache, akashuka kwenye matatu ya Likia na mkoba mmoja na mita ya manjano. Kabla hajafungua boneti watu walikuwa wamejaa uani, akiwemo dereva wa lori la viazi aliyeliacha lori barabarani likiunguruma. Fundi hakuuliza habari za baridi wala simiti. Alipima betri: volti 12.6, imejaa. Akafungua mlango wa dereva na kukibandika kwa utepe wa karatasi kile kitufe kwenye nguzo, ili gari lidhani mlango umefungwa na kuzima taa ya ndani. Akachomoa waya wa hasi, akahamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, kisha akaiweka mita katikati, ncha moja kwenye betri na nyingine kwenye waya uliochomolewa, ili umeme wote unaotoka upite mbele ya macho yake.

Ikasoma 0.31.

Gari lililolala halipaswi kuvuta zaidi ya 0.05 hivi, kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya redio. Kwa 0.31, piga mara saa 24, zinaondoka ampea-saa zaidi ya saba kila siku, na N50 ina kama 50 tu. Hesabu hiyo nimeifundisha Kidato cha Pili. Siku ya nne imebaki chini ya nusu, na stata ya asubuhi ya Mau Narok haianzi na mgonjwa wa namna hiyo.

Wakati fundi anaandika tarakimu hizo kwenye kiganja, dereva wa lori alishajipenyeza kwenye kiti. "Hebu tuwashe tujue," akasema, akazungusha ufunguo. Ndani ya mita kukasikika *tik*. Stata hutaka mamia ya ampea, na mita ile imejengewa kumi. Fundi hakumtukana. Alifungua mgongo wa mita kwa bisibisi, akatoa fyuzi iliyoungua, akatia nyingine kutoka mfuko wa shati. Alikuwa amekuja nazo kadhaa, ishara kwamba si mara yake ya kwanza kufanya kazi mbele ya watu.

Sasa akaanza kuchomoa fyuzi za gari moja moja huku akitazama mita. Honi: bado. Kiyoyozi, ambacho huku tunakitunza kama kumbukumbu ya marehemu: bado. Alipotoa fyuzi iliyoandikwa DOME, mita ikashuka hadi 0.03, na uani kukalipuka shangwe. Njia hiyo hulisha taa ya ndani, saa na kumbukumbu ya redio. Redio ndiyo niliyoishuku, maana ni ya Kijapani, masafa yake ya FM yanaishia 90, kwa hiyo haijawahi kunipa zaidi ya mkwaruzo. Haikuwa yenyewe. Fundi alijilaza chali chini ya usukani, miguu ikabaki nje, na baada ya kitambo sauti ikatoka huko gizani.

"Mwalimu, ulikopa pesa?"

"Sijakopa."

"Basi gari limekopa."

Akatoka na kiboksi cheusi chenye ukubwa wa kiberiti, kimezungushiwa utepe mweusi kama nyaya za kiwandani, kitaa chake chekundu kikipepesa. Traka. Ukikopa kwa logbook, mkopeshaji huandikwa mwenye gari pamoja nawe, kisha huficha kitu kama hiki mahali ambapo hutakiona. Ukimaliza kulipa, jina lake huondolewa, na logbook niliyopokea ilikuwa safi kabisa. Kiboksi ndicho kilichokuwa hakijaambiwa kwamba deni limekwisha. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa na kuvimba, kwa hiyo usiku na mchana kilikuwa kinavuta umeme wangu kuijaza na haijai, na mtandao ukififia kinahangaika kuutafuta.

Kwa hiyo mahali fulani kuna ramani, na kwenye ramani kuna kitone cha Mau Narok, na mtu analipwa mshahara kuhakikisha kitone hicho hakitoroki. Hakikutoroka. Kingewezaje, na kiboksi chenyewe ndicho kinachokula betri? Sijawahi kusikia kinga ya wizi iliyofanya kazi kwa ukamilifu huo.

Fundi alikata nyaya mbili na kuzifunga vizuri. Kabla chai haijachemka simu ililia. Ni aliyeniuzia gari, anahema. "Ndugu, wamenipigia. Wanasema gari langu limetoweka huko Mau Narok."

Nilimhakikishia kwamba lipo, na kwamba kwa mara ya kwanza huenda likaweza kutoweka.

Mzee jirani alikuwa amekichukua kiboksi, anakigeuzageuza. Mwaka jana wezi walimchukulia kondoo usiku. Alitaka kujua kama kitu hiki kikifungwa shingoni mwa dume kitaonyesha alipo. Fundi akamweleza kwa heshima kwamba kingeonyesha, ila hakifanyi kazi bila volti 12, ingebidi dume abebe na betri.

Mzee akafikiri.

"Hiyo N50," akauliza, "ni kilo ngapi?"