Kwangu Hapa Peupe

Wapo wanaodhani namba iliyo baada ya nukta ni ndogo. Hao hawajawahi kupandisha toleo la TypeScript, lugha inayoongeza aina za data juu ya JavaScript. Programu nyingi zikitoka 4.3 kwenda 4.4, hiyo ni ahadi kwamba hakuna kitakachovunjika. Wenye TypeScript hawajawahi kutoa ahadi hiyo. Hata 5.0, ya Machi 2023, ilifuata 4.9 kwa sababu hesabu ilifika hapo tu.

Mradi wetu ulikuwa tovuti ya kuagizia vifaa vya ujenzi, mali ya mzee mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo. Ilikuwa ikiuza mabati na saruji bila ugomvi na mtu. Tukapandisha toleo asubuhi, chai haijapoa, skrini ikajaa wekundu.

Malalamiko mengi yalikuwa ya aina moja. Tangu 4.4, iliyotoka Agosti 2021, ukiwasha ukaguzi mkali, kosa ulilolinasa huhesabiwa kuwa kitu kisichojulikana mpaka uthibitishe kwamba kweli ni kosa. Kwa haki, wenye TypeScript wana hoja: JavaScript inamruhusu mtu kurusha chochote, hata namba 7. Lakini nani hurusha namba 7? (Namjua mmoja. Aliacha kazi, msimbo wake tukaurithi.)

Kilichotukata maini hasa ni ugomvi wa mezani. Nikimwambia jirani yangu faili la malipo limejaa makosa, ananijibu, “Kaka, kwangu hapa peupe.” Na kweli, kwake hapakuwa na wekundu hata chembe. Akaja kwangu, akaona, akaamua kompyuta yangu ina virusi. Tukawa tunatazamana kwa mashaka mpaka mkubwa wetu alipopita na kikombe chake, akauliza kila mmoja kihariri chake kinatumia TypeScript ipi. VS Code huja na TypeScript yake ndani. Isipoambiwa itumie ya mradi, hukagua kwa macho yake yenyewe. Jirani akabadilisha chaguo moja. Wekundu ukamfikia, na kaka zikaisha.

Mchana zikaanza any huku, any kule, ile aina inayokubali chochote bila kukaguliwa. Any ni sahani ya pilau unayompelekea jirani mgomvi: atanyamaza leo. Mkubwa akazikataa zote, tukarudi kuandika aina sahihi mpaka magharibi.

Nikampigia mzee.

“Shikamoo, mzee. Kazi imekamilika.”

“Marahaba. Naitazama hapa, mbona ni ileile?”

Nikamweleza kwamba zile aina tulizoziandika hufutwa zote kabla ya tovuti kumfikia mteja. Kivinjari hupokea JavaScript tupu.

“Yaani mmeandika kutwa nzima, halafu mkafuta?”

“Inafutwa yenyewe, mzee. Ndivyo inavyotakiwa.”

“Basi na ankara yenu ifuteni kabla haijanifikia.”