Mfyuu! "Kiongozi Asema"

Mfyuu! Hebu shika simu hii, kaka, usome mwenyewe. Kichwa cha habari: kiongozi asema hali ni shwari. Aya ya kwanza asema, ya pili aongeza, ya tatu asisitiza, ya nne awataka wananchi kuwapuuza wazushi. Imeisha hiyo. Mwandishi kapanda gari la msafara, kala wali wa msafara, karudi na kinasa sauti chake. Hakuna aliyechungulia dirishani kuona huo ushwari una sura gani.

Na sisi tulio huku Sanyuanli, wilaya ya Baiyun, habari yenyewe tunaipata kwa jasho. VPN inakatika, ukurasa unafunguka nusu, unangoja weee, ukija kufunguka unakuta "asema". Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa soko la nguo la Canaan, pale vijana wanapofunga marobota kwa selotepu kutwa nzima. Yupo Mkongo wa Lubumbashi, wapo Waganda wa Kikuubo, na Wabongo wa Kariakoo ndio usiseme. Hawaafikiani kwa mpira wala kwa bei ya kontena. Kila mmoja anaapa kwamba wanasiasa waongo kuliko wote duniani wako kwao.

Sasa twende soko la ngozi, si mbali na hapa. Yupo mama mmoja wa Kariakoo anayechukua mikoba. Muuzaji anambonyezea bei kwenye kikokotoo, anamwambia "ngozi, mama, ngozi", kwa Kiswahili alichofundishwa na wateja. Mama hambishii. Hamwiti mwongo, maana msimu ujao atamhitaji. Anapenyeza kucha ndani ya mfuko wa mkoba, ananyofoa kiuzi kidogo, anawasha kiberiti cha gesi. Kikinuka nywele zilizoungua, sawa, ngozi. Kikijikunja na kudondosha tone jeusi, plastiki hiyo, na bei inashuka palepale bila ugomvi. Mama huyu darasa la saba tu. Sasa niambieni, mwandishi aliyekaa chuo miaka mitatu anashindwaje kubeba kiberiti?

Machi 2021 mnaikumbuka. Rais Magufuli wa Tanzania alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari, Ikulu Dar es Salaam, akimwapisha Dk. Bashiru Ally kuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Baada ya hapo kimya. Tarehe 10 Machi Daily Nation la Kenya likaandika kwamba kuna kiongozi wa Afrika amelazwa Nairobi, mashine inamsaidia kupumua. Jina halikutajwa. Mfyuu nyingine hiyo! Kama unajua, taja. Kama hujui, endelea kutafuta. Walichofanya ni kuacha nafasi wazi, kila kijiwe kikajaza jina lake, na uvumi ukapata baba wa heshima.

Ijumaa ya tarehe 12, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiwa Njombe akawaambia waumini msikitini kwamba amezungumza na Rais kwa simu, ni mzima, anaendelea na kazi. Magazeti yakaibeba kama ilivyo. Watu wakaanza kukamatwa kwa kusambaza habari za ugonjwa. Usiku wa tarehe 17, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza msiba kwenye TBC. Na hebu sikilizeni tangazo lenyewe: Rais alilazwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tarehe 6 Machi, akaruhusiwa tarehe 7, akapelekwa hospitali ya Mzena tarehe 14.

Pigeni hesabu basi. Kwa maelezo ya serikali yenyewe, siku sita kabla ya ile Ijumaa mkuu wa nchi alikuwa kitanda cha hospitali, na hakuna mwananchi aliyeambiwa. Simsemi Majaliwa moyoni mwake kulikuwa na nini, huko sijafika. Ninachosema ni kwamba ile habari ya Njombe ilikuwa na nafasi ya sentensi moja zaidi: Rais hajaonekana hadharani tangu 27 Februari. Hiyo haimtukani mtu. Msomaji angeweka maneno ya msikitini upande huu, tarehe upande ule, apime mwenyewe. Badala yake aliachiwa achague kati ya kumwamini Waziri Mkuu na kumwamini shemeji yake wa WhatsApp.

Haya, msidhani nalisema la nyumbani tu kwa kuwa niko mbali. La hapa pia lipo, ingawa ugenini mtu huchunga ulimi. Aprili 2020, wakati wa korona, mitandao ya hapa ilisambaza kwamba Weusi 300,000 wa Guangzhou wanaleta wimbi la pili. Hesabu ya mamlaka za jiji ilikuwa Waafrika 4,553. Hata hivyo wenye nyumba walishaingiwa na hofu, watu wakatolewa vyumbani na mabegi yao, wakalala barabarani, hoteli zikawafungia milango. Tawi moja la McDonald's likabandika tangazo kwamba Weusi hawaruhusiwi kuingia. Kampuni ikaomba radhi baadaye. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakamwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, Wang Yi, kulalamika. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Zhao Lijian, akasema China inawatendea wageni wote sawa na haivumilii ubaguzi hata kidogo.

Magazeti mengi ya kwetu yakafanya nini? Waafrika walalamika, China yakanusha. Koma. Utadhani ni kesi ya mpaka wa shamba, kila upande umepewa dakika tano. Mhariri mwenye simu ya mezani angeweza kupiga hoteli kumi za Guangzhou akauliza: nina mgeni kutoka Dar es Salaam, mnacho chumba? Majibu hayo ndiyo yangekuwa kichwa cha habari, na kanusho la msemaji lingekaa aya ya tatu, mahali pake. Mwanzoni mwa Mei mkoa wa Guangdong ulitoa masharti ya kukataza ubaguzi kwenye hoteli, maduka na nyumba za kupanga. Kwa hiyo kulikuwa na cha kukataza.

Na mtaa huu una historia yake ya taarifa tamu. Hapahapa Sanyuanli kuna hekalu la zamani lililogeuzwa makumbusho ya wanavijiji waliowashambulia askari wa Waingereza mwezi Mei 1841. Makumbusho inawasifu wanavijiji, na wanastahili. Mimi namkumbuka zaidi jemadari Yishan, mtu wa ukoo wa Mfalme, aliyeshindwa vita na kukubali kulipa dola milioni 6 ili jiji lisivamiwe. Barua aliyomwandikia Mfalme Daoguang ilisema wageni wamepigwa na wanaomba tu waruhusiwe kufanya biashara. Daoguang akaamini. Julai akaamuru majeshi ya pwani yapunguzwe, gharama zimezidi. Tarehe 26 Agosti Waingereza wakaichukua Xiamen. Gazeti la Beijing la enzi hizo kazi yake ilikuwa kunakili amri za Mfalme na taarifa za maofisa. Asema, aongeza, asisitiza.

Kijana mmoja wa hapa kijiweni, msomi, akasema Wamarekani wamelitatua tatizo hili. Washington Post walimhesabia Trump kauli 30,573 za uongo au za kupotosha katika miaka minne. Sawa, kazi kubwa. Na 2024 akachaguliwa tena. Sisemi hesabu ilikuwa bure, ila daftari la makosa linalokaa ukurasa wa peke yake, kesho yake, husomwa na wale waliokwisha kujua. Kipimo kikae sentensi ileile penye dai. Mimi nilichowapendea ni usiku wa tarehe 5 Novemba 2020, pale ABC, CBS na NBC walipokata matangazo Trump akiendelea kudai anaibiwa kura. Televisheni zetu zinarusha mkutano wa hadhara saa tatu mbashara, mtangazaji anarudi mwishoni kusema "naam, hayo ndiyo yaliyojiri". Dada yangu, yaliyojiri au yaliyosemwa?

Mzee mmoja wa mizigo akanikata hapo. "Mwanangu, unaongea ukiwa Baiyun. Gazeti la Mwananchi walifungiwa mtandao wao miezi sita mwaka huohuo 2020, na faini ya shilingi milioni 5 juu." Ni kweli. Walichapisha picha ya Rais Magufuli akinunua samaki katikati ya watu, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikasema ni ya zamani na inapotosha. Wiki mbili kabla, kampuni za televisheni za Star Media, Multichoice na Azam zilitozwa milioni 5 kila moja kwa habari za korona. Na tangu Mei idadi ya wagonjwa wa nchi nzima ikagandia 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja, bila ya mtu kupigwa faini. Samaki mmoja kaponza gazeti, namba iliyoganda ikapita bila ushuru.

Basi kila mtu akawa na lake. Mkongo akasema kwao mwandishi haogopi faini, anaogopa njia ya kurudi nyumbani, na hapo watu wakanyamaza kidogo. Kijana akasema mhariri naye ana watoto na ada za shule. Mama wa mikoba, naye akiwa kijiweni, alikuwa anahesabu risiti zake, hakuinua hata uso.

"Kwani nani kamwambia aandike 'mwongo'?" akauliza. "Aandike tu, mara ya mwisho kuonekana ni tarehe fulani. Kuna kifungu gani kinachokataza kalenda?"

"Watakitunga, mama," akasema mzee wa mizigo. "Wewe waache waamke."