Tone la Chanjo na Kuku Sita

Kideri, ambacho vijiji vingi vya Tanzania hukiita mdondo, kinaweza kufagia banda zima la kuku kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya I-2: tone moja jichoni, kisha kurudia kila miezi mitatu hadi minne. Haihitaji sindano, na huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hata hivyo mfugaji mdogo "hapokei teknolojia", husema ripoti za semina, baada ya chai na sambusa. Chupa moja hutosha kuku mia na zaidi; yeye anao sita, na jogoo tayari ameahidiwa wageni wa Krismasi. Ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo sharti majirani wafungie kuku wao asubuhi hiyohiyo, wachange, na asitokee wa kudai kuku wake ni wazima. Mashine ya kutotolesha nayo husifiwa mno. Inataka umeme siku 21 mfululizo. Mtetea huatamia siku hizohizo bila kununua umeme wa LUKU. Mfugaji husikiliza, hupiga makofi, husaini posho. Mdondo ukipita na jirani aliyechanja akabaki na kuku, ndipo huulizia chupa inauzwa wapi.