Kapewa Zipu Asiyesema

Kufunga mdomo hapa Tunduma ni kazi ya nguvu. Kiangazi kikikolea, malori ya shaba yanaingia kutoka Zambia na Kongo, matenki ya mafuta yanapanda kutoka Dar es Salaam, na vumbi lote tunabaki nalo sisi. Ukisalimia watu watatu barabarani, chai ya asubuhi huihitaji tena. Ungedhani wakazi wa mji wa namna hii ni wakimya. Thubutu!

Chukua mama mwenye nyumba wangu. Juzi nimeingiza magunia yangu ya mahindi usiku wa manane, taa zimezimwa, hata kukohoa sikukohoa. Asubuhi namwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Debe unauza shilingi ngapi?"

Sijajibu, mbadilisha fedha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ananipungia bunda la kwacha, anataka gunia moja kwa bei ya kirafiki. Mama anaapa kwamba hajamwambia mtu.

Sasa mpwa wangu, anayesoma biolojia sekondari kule Vwawa, kaja likizo na habari za kuniongezea uchungu. Baharini, anasema, kuna mnyama anaitwa Beroe. Si samaki, wala si konyeza wa kuwasha, ingawa mwili wake ni ute mtupu unaopitisha mwanga. Anaogelea kwa safu nane za vinyweleo, na chakula chake ni jamaa zake wa ukoo huo huo wa ute; mara nyingine anammeza aliyemzidi ukubwa. Mdomo wake ni mpana ajabu, tena ndio unaotangulia mbele. Ungekaa wazi, maji yangemjaa na mwendo ungepungua.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Sidney Tamm na Signhild Tamm, walieleza anavyoufunga. Upande wa ndani wa midomo kuna mikanda ya seli inayotazamana. Ikikutana inanasana, mikunjo ya huku ikiingia katikati ya mikunjo ya kule, zipu kabisa. Hakuna msuli unaokaza muda wote wala nguvu inayopotea. Akigusa windo, misuli inaibandua midomo na kinywa kinapanuka kufumba na kufumbua. Akishameza, kinajifunga tena, anaendelea na safari zake.

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mnyama huyu hata ubongo hana, ana mtandao wa neva tu. Hana mpangaji, hana jirani wa kumteta, hana sauti. Zipu ya nini? Wenye shida nayo tuko huku, zaidi ya kilomita 900 za barabara kutoka Dar, na hakuna aliyetufikiria.

Nikaona nimsimulie mama, labda ujumbe utamfikia kwa njia ya mzunguko. Akasikiliza kwa makini, kitu ambacho hakifanyi bila sababu.

"Kwa hiyo mpaka aguswe ndiyo anafungua?"

"Ndiyo mama."

"Basi ni mwenzangu huyo. Na mimi sifungui mpaka niguswe."

Mpwa akacheka hadi akamwaga chai. Nilipomkazia macho ndipo akaninong'oneza iliyobaki: mwaka 2019 Sidney Tamm huyo huyo aliandika kuhusu jamaa mwingine wa ukoo huo, Mnemiopsis, ambaye tundu lake la haja halipo siku zote. Mzigo ukiwa tayari linatoboka, mzigo ukitoka linazibika, na ukitafuta lilipokuwa hulioni. Mwaka huo huo, Oktoba, ndipo kilipozinduliwa kituo cha pamoja cha mpaka wetu na Nakonde. Kijana akataka kuanza kulinganisha. Nikamziba mdomo kwa kiganja, maana mama alikuwa bado kibarazani anachambua maharage, na habari ya tundu la nyuma ikimgusa yule, itafika Lusaka kabla lori la kwanza kwenye foleni halijawasha injini.