Opposite na Wapi?

Ukiuliza njia hapa Sori, mji wetu wa wavuvi kule Nyatike, jibu ni moja: "Iko opposite." Neno "mkabala" tumewaachia wasomaji wa habari redioni. Mwingereza akisema hivyo ana maana vitu viwili vinatazamana, au vinakinzana kabisa. Sisi tumelipa neno lake kazi ya tatu: "Iko hapo hapo, utajionea mwenyewe."

Shemeji yangu alipohamia nyumba mpya alinielekeza kwa simu, nikiwa ndio nimeshuka kwenye matatu.

"Shem, ni opposite na M-Pesa."

"M-Pesa gani?" Kutoka steji hadi ufuoni, ukirusha jiwe litamwangukia wakala.

"Hiyo iko opposite na kanisa."

"Na kanisa liko wapi?"

"Ai, shem! Si liko opposite na M-Pesa!"

Nikamwendea mama aliyekuwa akianika omena, mkono mmoja ukizitandaza kwenye wavu, wa pili ukifukuza kuku. Hakuwa na mkono wa kunielekezea, akatumia mdomo: "Opposite na beach." Sasa, kinachotazamana na ufuo wa Sori ni Ziwa Victoria, na ukilivuka lote utatokea Uganda. Shemeji yangu ana mambo, lakini hajafika huko.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akinisikiliza akasema anaijua nyumba hiyo. Akanipakia, akageuza pikipiki, akavuka barabara, akazima. Hamsini.

Anayetaka kuliona neno lenyewe likifanya kazi zake zote za halali apande mashua hadi Migingo. Ni jiwe dogo kuliko uwanja wa mpira, limefunikwa na vibanda vya mabati vilivyobanana hadi majini, na Kenya na Uganda zimeligombania miaka nenda miaka rudi kwa sababu ya mbuta. Mbele yake tu kuna Usingo, kisiwa kikubwa zaidi, na karibu kitupu. Vinatazamana, na havifanani hata kidogo. Huko mtu akikwambia "opposite", mwamini.

Lakini nchi kavu, ndugu msomaji, usikubali. Ukifika Sori, kaa pale pale steji, piga simu, umwambie mwenyeji wako aje akuchukue mwenyewe.